Muziki, Sherehe na Msiba: Sheria ya Kiyahudi Inakataza Nini Hasa?

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 2021, watu 45 walikufa kwa kubanana na kukanyagana kwenye njia nyembamba ya Mlima Meron, kaskazini mwa Israeli. Walikuwa miongoni mwa maelfu waliokusanyika kuwasha mioto, kuimba na kucheza karibu na kaburi la Rabi Shimon bar Yohai, mwanazuoni wa kale. Msomaji wa mbali aliyefuatilia habari hiyo, kisha akaelezwa kwamba siku hiyo iko katikati ya majuma ambayo Wayahudi wengi hawafungi ndoa wala hawapigi muziki kwa sababu ya maombolezo, alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Kipindi cha maombolezo kinawezaje kuwa na siku ya ngoma ndani yake? Maswali ya aina hiyo hurudi kila Julai au Agosti, zinapoonekana picha za watu walioketi chini mbele ya Ukuta wa Magharibi jijini Yerusalemu. Huja pia katika maisha ya kawaida, pale mtu anapomwona rafiki yake Myahudi, miezi kumi baada ya kumzika baba, anaenda kazini na kutaniana na wenzake kama zamani, lakini akialikwa harusini anakataa kwa upole.

Tuanze na maneno machache ambayo bila hayo mengine hayataeleweka. Halakha ni sheria ya dini ya Kiyahudi, inayotokana na Taurati, ikafafanuliwa katika Mishna iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 3, kisha katika Talmudi, na baadaye katika vitabu vya sheria, hasa Shulhan Arukh cha Rabi Yosef Karo, kilichochapishwa Venice mwaka 1565. Karo aliandika kwa kufuata zaidi mapokeo ya Wasefardi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, naye Rabi Moshe Isserles wa Kraków akaongeza desturi za Waashkenazi wa Ulaya ya kati na mashariki. Tofauti nyingi tutakazoziona zinatokana na watu hawa wawili. Avelut ni hali ya kisheria ya mfiwa, ambayo si lazima ilingane na huzuni iliyo moyoni mwake. Na simha ni furaha, lakini sheria inapolitumia neno hili juu ya mfiwa inamaanisha furaha ya watu waliokusanyika: karamu, harusi, ngoma, tafrija ya marafiki. Neno hili la mwisho ndilo linalotufungulia mambo mengi, kwa kuwa katika kumzungumzia mfiwa Talmudi haianzi na muziki bali inaanza na nyumba ya simha.

Mfiwa kisheria ni yule aliyefiwa na mmoja wa watu saba: baba, mama, mwana, binti, kaka, dada, au mwenzi wa ndoa. Baada ya mazishi, ambayo hufanywa mapema iwezekanavyo, huanza siku saba zinazoitwa shiva. Mfiwa hukaa nyumbani kwenye kiti kifupi, havai viatu vya ngozi, haogi kwa starehe, hafanyi kazi, na hata Taurati haisomi ila sehemu zenye huzuni kama Ayubu na Maombolezo, kwa sababu kusoma Taurati kunahesabiwa kuwa furaha. Majirani ndio wanaomletea mlo wa kwanza. Siku saba zikiisha anaingia katika kipindi kinachokamilisha siku thelathini, shloshim, ambapo anarudi kazini lakini hanyoi nywele wala haendi kwenye sherehe. Kwa aliyefiwa na mtoto, ndugu au mwenzi wa ndoa, maombolezo ya kisheria huishia hapo. Aliyefiwa na baba au mama huendelea hadi miezi kumi na miwili.

Waswahili tunajua kuweka tanga na kuanua tanga, kwamba kuna siku inayojulikana ambapo mikeka hukunjwa na wageni hutawanyika. Sheria ya Kiyahudi nayo huanua tanga, ila huanua kidogo kidogo: siku ya saba mfiwa huinuka kutoka sakafuni, siku ya thelathini hunyoa na kurudi kati ya watu, na kwa mzazi, kitu cha mwisho kabisa kuondolewa ni lile katazo la kuingia kwenye nyumba ya simha. Ndiyo maana rafiki wa miezi kumi anaweza kucheka ofisini na bado asije harusini.

Wengi wanaposikia mpangilio huu huuliza swali moja, nami naona ni swali la haki kabisa. Kwa nini mzazi aombolezewe mwaka mzima na mtoto siku thelathini tu? Hakuna mtu aliyezika mtoto anayeweza kuambiwa kwamba uchungu wake ni mdogo kuliko wa aliyemzika mzee wa miaka tisini. Jibu ni kwamba miezi ile ya ziada haipimi uchungu. Ni sehemu ya amri ya kuwaheshimu baba na mama, na ushahidi wake ni kuwa wanasheria wengi wanakubali kwamba mzazi anaweza kuwaambia wanawe kabla ya kufa wasimwombolezee baada ya siku thelathini, wala wao hawafungwi tena, ilhali siku saba na thelathini hawezi kuzifuta. Kwa hiyo mzazi aliyezika mtoto huachiliwa na sheria siku ya thelathini hata kama moyo wake bado haujaachilia. Hakuna anayemwamuru aende kwenye sherehe. Kinachoondolewa ni wajibu wa kukaa mbali nazo.

Sasa muziki unaingiaje? Kuna dhana kwamba dini hii inaona sauti ya ala ni najisi mbele ya kifo. Historia inasema kinyume. Mishna, katika sehemu inayohusu haki za mke, inamnukuu Rabi Yehuda akisema kwamba hata aliye maskini kuliko wote katika Israeli, mkewe akifa, asikodi pungufu ya zumari mbili na mwanamke mmoja wa kuomboleza. Muziki wa mazishi ulikuwa deni la mume kwa mkewe! Wasomaji wa Injili wanakumbuka kwamba Yesu alipofika nyumbani kwa yule mkuu aliyefiwa na binti aliwakuta wapiga filimbi, na Yeremia anataja wanawake waombolezaji wanaoitwa waje kuinua kilio. Daudi naye alimwimbia Sauli na Yonathani maombolezo. Zumari za mazishi zimetoweka katika desturi za Kiyahudi za leo, lakini zinatuonyesha kwamba sauti yenyewe haikuwa adui. Sheria ilizuia kufurahi pamoja na watu wengine wakati nafasi ya marehemu bado iko wazi, na kwa kuwa ala, hasa zinazochezesha watu, ndizo zinazoleta furaha hiyo, wanazuoni wa baadaye waliziingiza chini ya katazo la simha.

Kwenye harusi ndipo utaratibu huu unapoonekana kwa undani zaidi. Talmudi, katika kitabu cha Moed Katan, inasema kwamba kwa wafu wote mtu aweza kuingia katika nyumba ya karamu baada ya siku thelathini, na kwa baba na mama baada ya miezi kumi na miwili. Isserles alitaja njia ya kati iliyoenea sana: mfiwa anayetaka kuwapo kwenye harusi ya watu wake anaweza kuhudumu. Anabeba sahani, anawamiminia wageni vinywaji, anasimamia mlango, lakini haketi kula karamu. Wengine huhudhuria ibada ya ndoa chini ya hema la harusi, wakasikia baraka, kisha huondoka kabla ya wanamuziki kuanza. Baba au mama wa bwana harusi au bi harusi aliye katika mwaka wa maombolezo huruhusiwa na marabi wengi kukaa na kula, kwa kuwa kutokuwapo kwake kungeharibu furaha ya mwanawe. Na mfiwa mwenyewe akiwa ndiye anayeoa? Siku thelathini zikipita anaweza kufunga ndoa, hata ndani ya mwaka wa mzazi, na harusi yake huwa harusi kamili. Mjane wa kiume anatazamiwa kusubiri hadi zipite sikukuu tatu za hija, yaani Pasaka, Shavuoti na Sikukuu ya Vibanda, isipokuwa kama hajapata watoto au ana watoto wadogo wanaohitaji malezi.

Mwanamuziki ambaye riziki yake ni kupiga kwenye harusi ana mlango wake. Marabi wengi humruhusu arudi kazini baada ya siku za mwanzo za msiba, hata akiwa katika mwaka wa baba au mama, kwa sababu anayepiga kinanda ili watoto wake wale hahesabiwi kuwa amekwenda kujifurahisha. Hapa pia kipimo ni simha, si sauti.

Jambo ambalo watu wa nje hulisahau ni kwamba sheria hii inaweka mipaka kwa huzuni kama inavyoweka kwa furaha. Siku ya Sabato mfiwa haonyeshi maombolezo hadharani hata ndani ya shiva. Hubadilisha nguo na kwenda sinagogi. Sikukuu kubwa ikifika baada ya shiva kuanza, hata kama ni siku ya pili tu, sikukuu huifuta shiva yote iliyobaki, maana furaha ya taifa zima iliyoamriwa na Taurati inatangulia msiba wa mtu mmoja. Na Talmudi inagawa muda hivi: siku tatu za kulia, saba za kumwomboleza marehemu kwa maneno, thelathini za kutonyoa, baada ya hapo Mungu humwambia mwombolezaji kwamba yeye hana huruma kwa marehemu kuliko Muumba wake. Nikiri kwamba kwangu hili ni gumu na zuri kwa pamoja, kwamba sheria inayomzuia mfiwa asikimbilie ngoma ndiyo hiyo inayomkataza kujizika na maiti wake.

Hadi hapa tumezungumzia msiba wa mtu binafsi. Anayemfariji mfiwa kwa desturi ya Kiashkenazi humwambia: Mwenyezi akufariji pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu. Maneno hayo yanaunganisha msiba wa nyumba moja na msiba wa taifa, nao huu una kalenda yake.

Majuma matatu ya kiangazi huanza na mfungo wa tarehe 17 ya mwezi wa Tamuzi na kuishia tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku ambayo mapokeo yanasema yaliangushwa mahekalu yote mawili ya Yerusalemu, la kwanza na Wababeli mwaka 586 K.K. na la pili na Warumi mwaka 70 B.K. Waashkenazi hawafungi ndoa katika majuma yote matatu, ilhali Wasefardi wengi huanza kujizuia tarehe 1 ya Av, kwani Mishna inasema Av ikiingia furaha ipunguzwe. Siku ya tarehe 9 yenyewe watu hufunga tangu machweo hadi usiku wa siku inayofuata, huketi chini hadi adhuhuri, hawasalimiani, na husoma kitabu cha Maombolezo. Hata siku hiyo kuna nyimbo: tenzi za huzuni huimbwa kwa lahani za kale, bila ala.

Rabi Joseph Soloveitchik wa Boston, aliyefariki mwaka 1993, alifafanua uhusiano wa misiba hii miwili kwa namna ambayo sijaona inayoeleweka kuliko hiyo. Talmudi ilikwisha kutofautisha msiba mpya na msiba wa kale. Msiba mpya huanza ukiwa mkali kupita kiasi na kazi ya sheria ni kuutuliza, kwa hiyo mtu hutoka siku saba kwenda thelathini, kisha mwaka. Msiba wa kale, wa jengo lililoungua karibu miaka 2000 iliyopita, hakuna anayeamka nao asubuhi, na kazi ya sheria ni kuuamsha. Hivyo kalenda hupanda ngazi zilezile kwa kinyume: tangu Tamuzi 17 mtu ni kama aliye katika miezi kumi na miwili ya mzazi, tangu Av 1 ni kama aliye katika siku thelathini, na Av 9 ni kama aliyeketi shiva. Kwa mantiki hii wapo wanaosema kwamba mwanzoni mwa majuma matatu kilichokatazwa ni muziki wa sherehe tu, kama kwa aliye katika mwaka wa mzazi, na kwamba anayesikiliza wimbo peke yake akiwa safarini hajavunja kitu. Wengine hawakubali kabisa, na hukata ala zote tangu siku ya kwanza.

Wanaokataza wanaanzia kwa Rabi Avraham Gombiner, mwanazuoni wa Poland wa karne ya 17, aliyeandika kwamba katika majuma hayo kucheza ngoma ni marufuku. Waliomfuata walisema kwamba ikiwa kucheza kumekatazwa basi na ala zinazochezesha nazo zimekatazwa, na radio na kaseti zilipokuja, katazo likapanuliwa hadi huko. Ndiyo sababu siku hizi vikundi vya waimbaji hurekodi nyimbo za sauti tupu kwa ajili ya majuma haya, wakiiga besi na ngoma kwa midomo. Baadhi ya marabi hawazipendi nyimbo hizo, wakisema masikio hayatofautishi ngoma ya ngozi na ngoma ya mdomo ikiwa zote mbili zinawafanya watu wainuke kucheza.

Sasa turudi Meron. Kati ya Pasaka na Shavuoti kuna siku 49 zinazohesabiwa moja moja, ziitwazo Omeri. Katika Taurati ni siku za matarajio, si za huzuni. Talmudi ndiyo inayosimulia kwamba jozi 12,000 za wanafunzi wa Rabi Akiva walikufa katika muda huo kwa sababu hawakuheshimiana, na katika mwaka 1096 jamii za Wayahudi wa bonde la Rhine, Worms na Mainz miongoni mwao, zilichinjwa na makundi ya Vita vya Msalaba katika miezi hiyohiyo ya machipuko. Desturi ya kutofunga ndoa na kutonyoa ilikua juu ya kumbukumbu hizo. Siku ya 33, Lag BaOmer, inapokewa kuwa siku ambayo wanafunzi waliacha kufa, hivyo kwa Waashkenazi wengi katazo hukoma au husimama siku hiyo. Wasefardi husubiri hadi asubuhi ya siku ya 34 kwa kunyoa na ndoa. Wakabala, yaani wafuasi wa elimu ya mafumbo ya Kiyahudi, wanaongeza kwamba ndiyo siku aliyofariki Rabi Shimon bar Yohai, na kwamba siku ya kifo cha mwadilifu mkubwa ni siku ya roho yake kupanda, inayostahili mioto na nyimbo. Waliokufa Meron hawakuwa wakivunja maombolezo. Walikuwa katika siku ambayo sheria na desturi zao ziliwafungulia.

Watu wengi huichanganya pia Sabato na mambo haya. Wayahudi wanaoshika halakha hawapigi ala siku ya Sabato, lakini sababu haihusu msiba: marabi wa kale walihofia kwamba kamba ikikatika mpigaji ataitengeneza, na kutengeneza ni kazi. Kuimba kwa midomo mezani siku hiyo ni desturi inayopendwa sana. Vivyo hivyo, Siku ya Kumbukumbu ya askari waliokufa huko Israeli imewekwa na serikali: ving'ora hulia, kumbi za burudani hufungwa jioni, na redio hupiga kutwa nzima nyimbo za polepole za huzuni. Hapo muziki wenyewe ndio maombolezo, jambo ambalo mpiga zumari wa enzi ya Rabi Yehuda angelielewa mara moja. Wala desturi hizi si za kila Myahudi. Wayahudi wa madhehebu ya Mageuzi huziona nyingi kuwa hiari, na jamii zina tabia zao; Abayudaya wa eneo la Mbale nchini Uganda, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanafahamika hasa kwa zaburi zao za Kiluganda.

Kuna msiba mmoja usio na tarehe ya kuisha, wa Hekalu, na hapa Talmudi ina kisa ambacho ningependa kila anayeuliza juu ya mada hii akisome. Hekalu lilipoangushwa na Warumi, wengi waliapa kutokula nyama wala kunywa divai. Rabi Yehoshua akawauliza sababu. Wakasema: tutakulaje nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni, tutakunywaje divai iliyokuwa ikimiminwa pale? Akawajibu kwamba basi wasile mkate, kwani sadaka za unga zimekoma. Wasile matunda, kwani malimbuko yamekoma. Wasinywe maji, kwani nayo yalikuwa yakimiminwa madhabahuni. Wakanyamaza. Akawaambia kwamba kutoomboleza kabisa haiwezekani, kwa kuwa pigo limeshawapata, na kuomboleza kupita kiasi haiwezekani, kwa kuwa watu hawawekewi agizo ambalo wengi wao hawalimudu. Mtu apake nyumba yake lipu na kuacha kipande kidogo, aandae karamu na kupunguza kidogo. Bwana harusi anayevunja glasi kwa mguu mwishoni mwa ibada ya ndoa anatenda hilohilo: furaha ni kamili, na sehemu yake ndogo imekatwa. Katika baadhi ya jamii za zamani za Yerusalemu harusi huchezwa kwa ngoma tu bila ala nyingine, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa anayeishi au kufanya kazi na Wayahudi, mambo machache yanatosha. Anayeingia kwenye nyumba ya shiva haanzi kwa salamu wala kwa mazungumzo. Humsubiri mfiwa aseme kwanza. Aliyefiwa na ndugu, mtoto au mwenzi asiondolewe kwenye orodha ya wageni mwaka mzima kwa kudhaniwa kwamba bado amefungwa. Aliye katika mwaka wa mzazi naye apelekewe mwaliko, kwani hukumu yake hutegemea desturi ya jamii yake na rabi wake. Na akisema kwamba atakuja lakini ataondoka kabla ya bendi kuanza, au kwamba atakuja ikiwa atapewa kazi ya kugawa vinywaji, asilazimishwe kuketi mezani. Nafasi hiyo ya mhudumu iliandikwa kwa ajili yake huko Kraków tangu karne ya 16.